Joto Juu ya Televisheni

Toledo, Ohio
Jumapili, 3 Machi 2019

Kwa jina la Mungu aliyeitenga siku ya saba iwe ya pumziko, na ambaye kwa rehema zake hajatulipa yote tuliyostahili.

Kwako binamu yangu Rayford Sykes, mwana wa marehemu shangazi yangu Ardelia. Nakusalimu wewe na wote walio chini ya dari lako. Naomba barua hii ikukute mzima wa mwili, na kama kuna huzuni nyumbani mwako, iwe ni ile ambayo mtu anaweza kuibeba.

Anwani yako nimeipata kwa dada mmoja wa kanisani ambaye mwanawe anaishi Gary, mtaa wa pili kutoka kwako. Miaka arobaini na minane ni mingi mno kwa watu waliolala kitanda kimoja wakiwa watoto. Sina sababu ya kukueleza kwa nini sikukuandikia kabla ya leo, na sitaitunga.

Nakuandikia kwa ajili ya Baba. Mama yangu alitutoka miaka tisa iliyopita, na tangu hapo Baba anaishi nami. Tarehe 18 Mei, ambayo ni siku ya Sabato, atatimiza miaka tisini. Masikio yake yamekufa kabisa, kwa hiyo tunazungumza naye kwa daftari: sisi tunaandika, naye hujibu kwa mdomo au kwa kalamu, kama apendavyo. Akili yake ni nzima. Hata hivyo kila Ijumaa kabla jua halijatua huiendea televisheni yangu, hii ya kisasa iliyo nyembamba kama ubao, akapapasa nyuma yake akitafuta ile taa ya kioo ambayo televisheni za zamani hazikuwaka bila hiyo, ile aliyokuwa akiichomoa. Asipoiona, mimi humpa rimoti. Huifunga kwenye leso, akaitia mfukoni mwa koti, na kesho yake tukaenda nayo kanisani.

Wiki iliyopita aliandika katika daftari, bila mtu kumuuliza neno: "Mtoto wa Ardelia yuko wapi? Mwiteni."

Basi nakuita. Njoo tule pamoja baada ya ibada siku hiyo ya kuzaliwa kwake. Mimi sasa ni mzee wa kanisa, kama yeye alivyokuwa, nami nitaona ni heshima kukupokea mlangoni.

Bwana akulinde uingiapo na utokapo.

Ndugu yako,
Lemuel Pettway


Gary, Indiana
14 Machi 2019

Lemu!

Hebu niambie, ile barua uliiandika au uliihubiri? Niliisoma nimesimama wima, nikakaribia kutoa sadaka.

Nimefurahi, ndugu yangu. Nimefurahi hadi nikamwita Janiya aje asikie. Janiya ni mjukuu wangu, ana miaka sita, tunaishi naye hapa tangu mke wangu Doreatha afariki. Nimestaafu kiwanda cha chuma. Magoti hayataki ngazi, lakini mdomo bado unafanya kazi zamu zote tatu.

Na unajua nini? Ulipoandika habari ya Mjomba na ile taa, nilicheka hadi machozi, maana mwezi huu mzima nilikuwa nikimsimulia Janiya mambo hayohayo. Huyu mtoto anatazama katuni kwenye simu saa yoyote, hata chooni. Nikamwambia, sisi zamani katuni zilikuwa Jumamosi asubuhi tu, ukizikosa ungoje wiki. Akaniuliza, "Babu, kwani mlikuwa maskini?" Nikamwambia, "La, mama. Tulikuwa Waadventista Wasabato."

Unakumbuka, Lemu? Watoto wote wa mtaa wako ndani, mapazia yamefungwa, unasikia ile miziki kupitia madirisha yao, na sisi tumevaa tai. Mjomba anachomoa ile taa Ijumaa, anaifunga kwenye leso, anaitia mfukoni. Mtu anasimama mbele ya kanisa anaomba dua na televisheni iko kwenye koti lake! Halafu mimi nikaokota taa nyingine kama ile, kwenye televisheni mbovu iliyotupwa nyuma ya kinyozi. Tukaipima kwenye ile mashine ya kupimia taa za televisheni iliyokuwa duka la dawa. Sindano iliporuka upande wa kijani ulinishika mkono ukaniambia, "Rayford, tumekwisha." Nikakujibu, "Tumeanza."

Mjomba na mama yako Vernice wanatangulia kanisani saa mbili asubuhi, sisi tunatakiwa kufuata kwa miguu saa tatu na robo. Saa nzima na robo! Sakafu ilikuwa baridi, bakuli la kornfleksi liko mapajani, sauti tumeipunguza mpaka unasikia maziwa mdomoni mwa mwenzako. Na yule bata wa katuni, mkuu wa kituo cha treni, mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, anapuliza filimbi na treni haiji. Kila wiki haiji. Ukizima, picha yote inakimbilia katikati inakuwa nukta moja nyeupe, na sisi tunaitazama ile nukta mpaka ife. Sijapata tena raha kama ile. Nilioa, nikazaa, nikanunua nyumba, lakini raha ya namna ile, hapana.

Sasa sikiliza. Nataka sana kuja. Lakini kuna jambo lazima lisemwe kwanza.

Ile Sabato ya mwisho, Mjomba aliporudi kuchukua miwani akaikuta televisheni ina joto na taa iko ndani, kosa lilikuwa langu. Kazi ya kuchomoa taa ilikuwa yangu. Na cha ajabu ni kwamba nakumbuka niliichomoa. Nakumbuka iliniunguza kidole, nikaifunga kwenye soksi nikaisukuma chini ya kitanda. Lakini taa ilikutwa ndani, basi sikuichomoa. Kumbukumbu ilinidanganya. Tangu siku ile sikujiamini tena, Lemu. Kiwandani nilikuwa nakagua kila swichi mara tatu, wenzangu wananiita Mara Tatu. Nyumbani hivyohivyo, naondoka, narudi kushika kitasa, naondoka, narudi. Doreatha alikuwa anakaa kwenye gari anangoja, anapiga honi.

Ndiyo maana nilisema ni mimi, peke yangu. Mjomba alikuwa ameweka bakuli moja mezani. Nilijua wewe umeosha lako. Sikukulaumu, ungekuwa mjinga kutoliosha.

Mwambie Mjomba mtoto wa Ardelia anaomba radhi kwa uzembe wake. Akisema yamekwisha, nakuja na keki.

Wako,
Rayford


Toledo
24 Machi 2019

Binamu yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe.

Barua yako imefika. Mambo unayoyataja ni ya utotoni, na utoto una msamaha wake. Kwa upande wangu, kama kulikuwa na deni lolote, limefutwa. Usiendelee kuyachimba. Barua yako sijamsomea Baba yote, kwa kuwa habari nyingi humchosha; lakini nakuhakikishia kwamba hana kinyongo nawe.

Tutakuwa na wageni kama arobaini. Tafadhali nijulishe kama mtoto ana chakula asichokula.

Neema na ikufunike.

Lemuel Pettway


Gary
2 Aprili 2019

Lemu ndugu yangu,

Barua yako fupi imenifanyia kazi kubwa kuliko ile ndefu.

"Limefutwa." Nimelisoma neno hilo mara nyingi, karatasi imeanza kulegea kwenye mkunjo. Juzi nilikuwa namwahisha Janiya shuleni. Nikafunga mlango, nikateremka ngazi, nikafika kwenye gari. Janiya akafunga mkanda ananingoja nirudi kukagua, amezoea. Nikawasha gari. Akasema, "Babu, umesahau kurudi." Nikamwambia, "Sikusahau. Mtu mmoja Toledo amenisamehe."

Anakula kila kitu isipokuwa maharage. Mpe nyama yenu ile ya soya, asiambiwe.

Asante, Lemu. Sikujua kuwa mtu anaweza kubeba kitu miaka yote hii, kisha kimtoke kwa mistari mitano.

Rayford


Toledo
Jumapili, 14 Aprili 2019

Mbele za Mungu ambaye kwake hakuna chumba kilichofungwa, naandika.

Kwako Rayford. Sikuiti ndugu katika barua hii mpaka utakapokuwa umeisoma yote.

Barua yako ya tarehe 2 imekaa katika Biblia yangu siku tisa. Jana nilipaswa kuhubiri. Nilipoifungua Biblia mimbarani, karatasi yako ikaanguka sakafuni, na bintiye mtu fulani akaiokota akaniletea mbele ya watu wote. Nikahubiri dakika saba, nikaketi. Wakadhani ni shinikizo la damu.

Kumbukumbu yako haikukudanganya. Taa uliichomoa.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana jambo hili nimelieleza moyoni mwangu kwa namna nyingi zenye kunipendeza, na sasa nataka nilieleze kwa namna moja. Ilikuwa Sabato ya tarehe 9 Oktoba 1971. Saa tatu na robo ulizima televisheni, ukachomoa taa ikakuunguza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukakinyonya. Uliifunga kwenye soksi yenye mistari ya kijani na kuisukuma chini ya kitanda. Mimi niliona haya yote kwa macho yangu. Tukatoka. Tulipofika kwenye nguzo ya umeme ya kona, nilikuambia, "Nimesahau kitabu changu cha Shule ya Sabato. Nisubiri hapa." Ukaniambia, "Kimbia basi, kichwa maji wewe, tutachelewa."

Kitabu kilikuwa ndani ya koti langu. Nilirudi kwa sababu siku ile, kwa mara ya kwanza, treni ilikuwa imesikika. Wewe ulizima wakati bata ameinua filimbi, na kwa mbali pakasikika mlio. Niliona siwezi kungoja wiki nzima kujua kama itafika. Nikaitoa taa kwenye soksi, nikairudisha mahali pake, nikawasha. Nilisimama, sikuketi, kana kwamba kusimama kungepunguza dhambi. Kisha nikasikia mluzi wako kutoka kwenye kona. Nikazima swichi nikakimbia. Taa niliiacha ndani.

Tulipokuwa njiani uliniuliza, "Umekipata?" Nikakuonyesha kitabu.

Unakumbuka kwamba Baba hakusema neno mchana kutwa, kwa kuwa hakutaka kuhukumu ndani ya saa takatifu. Tulikula chakula cha mchana naye akatupakulia sote wawili. Jua lilipotua, tukaimba, tukaomba, kisha akatuita jikoni. Taa ilikuwa juu ya meza, na kando yake bakuli moja lenye maziwa yaliyokauka. Akauliza, "Nani?" Nikatazama viatu vyangu. Wewe ukasema, "Ni mimi, Mjomba." Akauliza, "Peke yako?" Ukanitazama. Mimi niliendelea kutazama viatu. Ukasema, "Peke yangu." Naye akasema, "Naam. Bakuli ni moja."

Kesho yake alfajiri ukapandishwa basi la Gary, kwa baba yako mdogo.

Kuhusu bakuli, sikuliosha. Usingefikiri hivyo kama ungekumbuka tulivyokuwa: tulithubutu kuwasha televisheni siku ya Sabato, lakini kuosha chombo kabla jua halijatua, hilo hakuna aliyelithubutu. Yote mawili tuliyaacha kwenye sinki, kama vyombo vyote vya Sabato vilivyoachwa kila wiki. Nilipoona moja mezani, nilidhani wewe umeliosha langu ili kunificha, na kwa jambo hilo nilikupenda, na kwa jambo hilo niliogopa kukuandikia. Leo naona ulidhani ni mimi. Sijui nani aliliosha.

Ulipoomba radhi mwezi uliopita, nilikuwa na wino na karatasi na faragha, na nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Nikakusamehe kosa langu mwenyewe. La utotoni naweza kusema nilikuwa mtoto. La Machi sina la kusema.

Lemuel


Gary
12 Mei 2019

Lemuel,

Imenichukua mwezi, na nimeandika barua nne nikachana.

Katuni si kitu. Basi si kitu. Hata vitasa nimevisamehe, ingawa jana nilijikuta nimerudi tena mlangoni, mara tatu, na safari hii nilijua jina la mtu aliyenirudisha.

Nizungumze juu ya Jumapili.

Nilikuwa naishi kwenu kwa sababu mama alikuwa hospitali. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa wenu. Jumapili nilikuwa wake. Mjomba alikuwa ananipeleka saa nane, tunapanda ghorofa ya tatu, mama amejipaka poda ili nisione rangi yake. Ananiambia, "Haya bwana, wiki hii yule bata wako kafanya nini?" Nilikuwa namsimulia, Lemuel! Yeye peke yake alijua. Mwadventista aliyelala chali akimcheka bata, ananiambia, "Kaka yangu akijua atatuzika wote wawili." Mimi sikuwa natazama zile katuni kwa ajili yangu tu. Nilikuwa nazikusanya nimpelekee.

Basi liliondoka Jumapili alfajiri. Hata ile Jumapili sikuipata. Alikufa Ijumaa ya tarehe 17 Desemba. Hizo ni Jumapili kumi. Huko Gary niliambiwa amekwisha kuzikwa, theluji imefunga njia.

Kwa hiyo sitaki radhi yako kwenye bahasha. Mimi nilisimamishwa jikoni mbele ya watu. Nawe jisimamishe mbele ya watu. Mwambie Mjomba, kwa mdomo wako au kwa daftari lenu, wageni arobaini wakiwepo.

Mimi siji. Keki mtajinunulia.

Rayford Sykes


Toledo, Ohio
Jumapili, 19 Mei 2019

Kwa jina la Bwana Mwenye Sabato, aliyenipa miaka tisini ambayo sikuiomba, na sasa naona kwa nini.

Kwa mpwa wangu Rayford, mtoto pekee wa dada yangu Ardelia. Nakuamkia, mimi ninayepaswa kuamkiwa nawe, kwa kuwa leo wewe ndiwe mkubwa. Naandika kwa mkono wangu. Maandishi ni mabaya, vumilia.

Jana baada ya ibada, watu wakiwa mezani, mwanangu Lemuel alisimama. Mimi sisikii, basi niliona tu midomo yake ikitembea na wageni wakiacha kutafuna. Kisha akaja akaweka mbele yangu karatasi aliyokuwa akiisoma, pamoja na barua zako. Nilizisoma zote pale pale. Dada mmoja akataka kuniondolea sahani, nikamshika mkono aiache.

Lemuel alilia. Akaandika kwenye daftari, "Baba, nilikudanganya." Nami nikaandika chini yake, "Hukunidanganya."

Mpwa wangu, nilifanya kazi katika kiwanda cha vioo tangu nilipotoka Alabama. Kiganja changu kilijua kioo kimeanza kupoa tangu lini. Nilipoingia nyumbani siku ile kuchukua miwani, nikaweka mkono juu ya televisheni, nilijua kwamba imezimwa dakika chache tu zilizopita. Na ninyi wawili mlitakiwa kuwa mmekwisha kuondoka. Nilipokuwa nikija nilikuwa nimekuona kwa mbali umesimama kwenye nguzo ya kona, peke yako, unapiga mluzi ukitazama upande wa nyumbani. Nikapita njia ya nyuma ili nisiwakawize. Kwa hiyo nilijua ni nani aliyekuwa ndani.

Nikaenda jikoni kunywa maji. Mabakuli yalikuwa mawili kwenye sinki.

Nilisimama pale, Rayford. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimesimama kanisani nikamkemea mzee mwenzangu kwa sababu mwanawe alicheza mpira siku ya Sabato. Nilifikiri juu ya uso wangu mbele ya yule mzee. Nilifikiri kwamba mtoto wa dada aliye mgonjwa, asiye na baba, watu watasema ndivyo walivyo watoto wa namna hiyo, na mimi sitaulizwa neno. Nikafungua bomba. Nikaosha bakuli moja. Nikalifuta, nikalirudisha kabatini. Saa tatu na nusu asubuhi ya Sabato; katika maisha yangu yote, chombo pekee nilichokiosha siku ya Sabato ni kile.

Kisha nikarudi kanisani nikaomba dua ya kufunga.

Ulipokuwa mezani jikoni jioni ile nilikuuliza, "Peke yako?" Nilitaka useme hapana. Nilijiambia, akisema hapana, nitakiri. Ulikuwa na miaka kumi na nilikuachia wewe kazi yangu.

Umeandika habari ya Jumapili. Nilikwenda zile kumi zote. Ya kwanza Ardelia aliuliza, "Yuko wapi?" Nikasema, "Yuko salama Gary, ni afadhali kwa masomo yake." Akauliza, "Nani sasa atanieleza habari za bata?" Sikuelewa neno lile. Nilidhani ni homa. Nimelielewa jana, mezani, katika barua yako. Nilikuwa nikikaa kando ya kitanda chake nikimsomea Zaburi, naye alikuwa akinisikiliza kwa adabu.

Theluji ilikuwepo, lakini haikufunga njia.

Sikuandikii ili uje. Nilimwambia Lemuel akuite nikitaka nikwambie haya uso kwa uso, kisha nikaona hata hilo lilikuwa la kujipendelea. Wala usimhukumu Lemuel kama ndiye aliyekupeleka kwenye basi. Yeye aliacha taa. Mimi ndimi niliyeosha bakuli. Mwaka uliofuata, kila nilipomwona akila taratibu nilijua ana kitu moyoni, nami nikanyamaza, kwa sababu yeye akisema, nami ingenilazimu kusema. Nimemlea katika kimya changu akawa mzee wa kanisa.

Zile taa mbili, yangu na yako, ziko katika kopo la biskuti chumbani kwangu. Yako ina alama ya kidole kwenye kioo. Sijapata kuifuta.

Bwana akuangazie uso wake, wewe na huyo mtoto uliye naye. Kama hutaki baraka kutoka mkononi mwangu, basi aipitishe kwa mkono mwingine.

Mjomba wako asiyestahili kuitwa hivyo,
Hosea Pettway


Gary, Indiana
3 Juni 2019

Mjomba, na wewe Lemu, nawaandikia pamoja, msomeane.

Shikamoo, Mjomba. Hiyo usiichukue kama msamaha. Ni adabu tu, ulinifundisha mwenyewe.

Niliisoma barua yako nikiwa kwenye ngazi ya mbele. Janiya akaniuliza kwa nini nimekaa nje na mlango uko wazi. Nikamwambia Babu anapunga upepo. Akakaa nami. Nikamsimulia yote, kwa namna ya mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo treni ilifika?"

Lemu, miaka yote hii hata mimi sijui. Wewe ulirudi ukatazama. Hujaniambia.

Sijasamehe, Mjomba. Nimejaribu kwa siku kadhaa kulisema neno hilo peke yangu jikoni na halitoki. Labda linataka kusemwa mbele ya mtu. Usiku huo mmoja umeniondolea mama na wewe umekiri ulikuwa unajua. Kuna asubuhi naamka nimekasirika kabla sijakumbuka kwa nini. Lakini kuna jambo umelisema ambalo hakuna mwingine duniani angeweza kunipa: kwamba aliuliza habari za bata. Miaka arobaini na minane nilidhani alikuwa akinisikiliza kwa kunionea huruma.

Kwa hiyo sikilizeni mpango.

Tutakuja Ijumaa ya tarehe 14, mimi na Janiya, tufike kabla jua halijatua. Mjomba, rimoti utaichukua kama kawaida yako, hakuna atakayekuibia. Sabato asubuhi tutakula kornfleksi sote wanne, sakafuni kama magoti yatakubali, mezani kama yatakataa. Kanisani nitakwenda nikae nyuma kabisa, na mtu asinishike mkono kwa nguvu. Lemu usinihubirie zaidi ya dakika saba, nimesikia unaweza.

Jumapili saa nane mtanipeleka kaburini kwa mama. Ninyi wawili mtasimama kando. Nina habari za kumpa, na Lemu atanisaidia kuanzia pale nilipoizima televisheni.

Na jambo la mwisho, Mjomba. Mabakuli yatakuwa manne kwenye sinki. Yabaki manne. Yakauke hivyohivyo mpaka jua litue, na kila anayeingia ayaone. Yakiisha kuonwa, tutaosha pamoja, mimi nioshe na wewe ufute.

Mimi baraka nilizisahau zamani, hapa najaribu tu. Mungu wenu, ambaye nilipokuwa na miaka kumi alikuwa wangu pia, aitazame nyumba hiyo na wote watakaolala ndani yake wiki hiyo, mkubwa na mdogo. Na yeyote atakayeisoma barua hii baada yetu, nyumbani kwake pasikosekane bakuli la mtu.

Nimefunga mlango mara moja tu, naenda posta.

Rayford, wa Ardelia